Nyumba Isiyo na Ugomvi

Nshamba, Jumatatu, 4 Novemba 2024

Umeme umerudi saa mbili usiku, umekaa kidogo, umeondoka. Haidhuru. Simu nimeichaji shuleni.

Kijana wa pale senta anayeingiza nyimbo na filamu kanicheka. "Madamu, hiyo haina mapigano. Haijatafsiriwa. Watu hawaichukui." Alitaka anipe Jumong, kana kwamba Tanzania hii kuna mtu hajaiona Jumong. Nikamwambia niwekee hiyohiyo tamthilia ya Kikorea, My Liberation Notes, ya 2022, sehemu zote 16. Kaniwekea. Kanipa na moja iliyotafsiriwa na DJ, ya bure, kwa kunihurumia.

Nimeona ya kwanza. Ndugu watatu, dada wawili na kaka mmoja. Wanaishi na wazazi kijijini, Sanpo, kazi zao ziko Seoul. Asubuhi basi, treni. Jioni treni, basi. Wakichelewa usiku wanatafutana wakutane Gangnam wapande teksi moja wagawane nauli. Basi wamo mle ndani, mabega yanagusana, na kila mtu ana dirisha lake.

Nikaizima hapo. Nikaiwasha tena. Nikaizima.

Jumatano, 6 Novemba

Ndizi na maharage, dagaa kidogo juu. Baba kala, kanawa, kasema "haya", kainuka. Ndiyo hotuba ya leo.

Mzee wa Sanpo naye hivyohivyo. Kazi yake kutengeneza masinki na makabati ya jikoni. Akitoka karakana yuko shambani, akitoka shambani yuko mezani. Kijiko, maji, kaondoka. Mkewe anaongea na sufuria. Watoto wakitaka kusema jambo zito wanaambiana nje, wakiwa wamesimama, kama watu wanaosubiri gari.

Mtu akiniuliza hii nyumba ina tatizo gani, sina cha kumjibu. Hakuna ugomvi. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Hata kesi ya kibanja hatuna, na kwa huku kwetu hilo ni la kumshukuru Mungu kwa misa. Dada alipokwenda Muscat aliaga vizuri. Kaka alipokwenda Dar aliaga vizuri, kachinjiwa na kuku. Tuliagana vizuri mno. Hakikubaki hata kisingizio cha kurudi kuulizana.

Kundi la WhatsApp, "Familia Yetu". Asubuhi inatoka picha ya ua Muscat, na mstari wa Zaburi. Kaka anaweka mikono ya kusali. Mimi naweka mikono ya kusali. Mama kutoka jikoni: "Wamesemaje?" Wanasalimia, Mama. "Waambie tunawasalimia." Naweka mikono mingine.

Jumamosi, 9 Novemba

Senene wameshuka! Vijana waliwasha taa zao kule mlimani usiku kucha, mabati yanawaka kama uwanja wa mpira. Saa kumi na mbili asubuhi Mama ameshanunua ndoo.

Tumechambua mpaka saa nne. Unamshika kichwa, unavuta mabawa, unavuta miguu ile mirefu, unamtupa kwenye sufuria, mwingine. Wengine bado wanarukaruka bila mabawa. Vidole vinateleza mafuta, kucha zinakuwa za kijani, na harufu hiyo haitoki kwa sabuni hadi kesho. Unawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, chumvi, kitunguu mwishoni. Zamani wanawake walikuwa wanachambua tu, kula ni wanaume. Bibi hakuwahi kula hadi anakufa, na hakuna aliyemkataza. Sisi tunakula. Mama anakula kuliko Baba.

Saa zote hizo tumesema maneno gani? Sogeza sufuria. Huyu bado ana bawa. Mvua itanyesha.

Halafu usiku nakutana na yule mdogo mtu, Mi-jeong. Kimya kama jiwe, kazini wanamwona kama kiti. Anamfuata yule mlevi anayefanya kazi kwa baba yake, Bwana Gu, ambaye hata jina lake kamili hawalijui. Mtu ana chumba kizima cha chupa tupu za soju. Anamwambia uniabudu. Hataki kupendwa, anasema kupendwa hakutoshi. Aabudiwe, angalau mara moja, ashibe.

Nikasema mama yangu! Paroko akusikie. Nikaangalia kama mlango umefungwa, utadhani ni mimi niliyesema.

Ila kusema kweli. Kusema kweli kabisa, hapa ambapo hakuna anayesoma. Si kwamba nataka bwana. Hao nimewaona. Nataka mtu akiniona naingia mlangoni aache alichokuwa anafanya. Basi. Ni kitu kikubwa hicho?

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa Mama kaja kukaa kitandani kwangu. "Hao Wachina wako leo wanafanya nini?" Wakorea, Mama. "Haya, hao."

Hajui Kiingereza, maandishi ya chini hayamsaidii. Ikabidi niwe Lufufu, yule mtafsiri wa filamu. Natafsiri kwa Kihaya, naongeza chumvi. Akakaza macho alipowaona wako shambani kwenye jua. "Hata huko wanapalilia?" Wanapalilia. "Na simu zote hizo wanazotuuzia?" Kwa hilo amefurahi sana, sijui kwa nini, kafurahi mpaka kapiga paja.

Kisha alipoonekana yule mzee mezani: "Huyu ni baba yako mtupu." Tukacheka. Baba yuko sebuleni na redio yake, ukuta ni wa mbao na gazeti. Tukacheka kwa kuziba mdomo.

Yule kaka mtu, Chang-hee, anataka gari, anataka tu gari. Anasema mpenzi wake alimwambia Seoul ni kiini cha yai na wao huko nje ndio ute unaokizunguka. Nimewaza Nshamba ni nini kwenye hilo yai. Ganda, labda. Au kuku wa jirani.

Jumanne, 12 Novemba

Siku mbaya. Darasa la sita, tunajiandaa kwa Siku ya UKIMWI. Mtoto kanyoosha mkono: Mwalimu, hapa Tanzania ulianzia wapi? Sikuweza kudanganya. Nikasema wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoa huu huu, 1983, hospitali ya Ndolage. Ndolage? Hiyo ya Kamachumu? Hiyo hiyo. Darasa zima kimya, kisha wakaanza kunong'ona, maana mmoja wao mama yake alijifungulia huko mwezi uliopita.

Watoto wa 2012, 2013 hawa. Kwao ni somo, kama minyoo. Vizuri. Nafurahi ni somo.

Nimerudi nimepita nyuma ya jiko. Makaburi yapo mawili, sementi imepasuka tangu lile tetemeko la 2016, migomba imeanza kuyaingilia. Nimeng'oa majani. Baba alikuwa anaangalia kwa mbali, na panga mkononi. Hakuja. Nilipoondoka nikamwona anakata lile jani kavu lililokuwa linaning'inia juu ya la Mama. La mama mzazi, namaanisha. Hata kwenye daftari langu mwenyewe nachanganya.

Nimemwita Baba kwa miaka yote hii. Ni kaka wa baba yangu. Hajawahi kunihesabia nilichokula, wala kunitofautisha na wale wawili aliowazaa. Ila hajawahi kunisimulia kitu kimoja kuhusu mdogo wake. Alipenda nini? Alicheka vipi? Nina picha moja ya kitambulisho, kafumba jicho moja.

Alhamisi, 14 Novemba

Ofisini kwao Mi-jeong kuna idara ya furaha. Kweli! Idara nzima kazi yake ni kuuliza wafanyakazi kwa nini hawajajiunga na klabu. Watatu wasiopenda klabu wakaitwa, wakaitwa tena, mwisho wakaunda ya kwao ili waachwe: Klabu ya Ukombozi. Wanakaa wamepanga viti upande mmoja, wote wanatazama mbele, hawatazamani. Masharti: usijifanye una furaha, usijifanye huna, sema ukweli. Na mwenzako akisema, usimfariji wala usimshauri. Kila mtu ana daftari lake.

Usimfariji! Nikasimamisha hapo, nikatoka nje kukojoa, nikarudi, bado linanigonga.

Maana sisi tulikuwa na kundi letu. Vijana Simama Imara, hapahapa Nshamba, chini ya shirika la Humuliza. Kuanzia miaka 13, yatima kwa yatima, viongozi sisi wenyewe, mtu mzima anakaa pembeni. Wadogo walikuwa na Rafiki Mdogo. Tukiweka akiba vijihela vyetu, tukienda kwa wazee kuchota maji na kupasua kuni. Bibi alikuwa kwenye ile pensheni ya Kwa Wazee, iliyoanza 2003, akipokea tu ananunua sabuni kwanza. Sabuni, kisha sukari, kisha daftari langu. Alikuwa anahesabu noti kama anazipapasa homa.

Pale kundini hatukufarijiana. Hakuna aliyekuwa na kitu cha kumfariji mwenzake, wote tulikuwa na kilekile. Ukisema jana nilimwota Mama, mwingine anasema mimi wa kwangu simkumbuki sura, zamu inahamia kwa mwingine. Tukimaliza tunacheza rede. Sijawahi kukaa tena mahali kama pale. Wakubwa wakisikia wanakushika bega, wanakupa mstari wa Biblia, na hapo mazungumzo yamefungwa.

Nani yuko wapi sasa? Mmoja namwona Muleba mjini, ana duka la pembejeo, tunasalimiana kwa kupungiana.

Jumamosi, 16 Novemba

Ghorofa limeanguka Kariakoo. Asubuhi, saa tatu hivi. Mtaa wa Mchikichi na Congo. Nimesikia kwa bodaboda kwanza, nikadhani ni uongo wa mitandao.

Simu ya Kaka haipatikani.

Haipatikani.

Mama: "Yeye yuko mtaa gani?" Mimi sijui. Baba hajui. Nimempigia Dada Muscat, bosi wake kamruhusu kuongea, naye hajui. "Si yuko Kariakoo?" Kariakoo ndiyo, mtaa gani? Ghorofa gani, fremu ya nani, jirani yake nani? Watu wanne, ndugu wa damu, na hakuna anayejua mtoto wa nyumba hii anafungulia wapi asubuhi. Anauza mabegi. Ndiyo tunachojua. Kuna mtu aliwahi kuuliza?

Saa nane. Redio inasema chini kuna watu walio hai, wanasikika, wanapelekewa maji na glukosi na hewa ya oksijeni. Mama anataka kujua maji yanapitishwaje. Anauliza tena na tena, yanapitishwaje, kama mtu anayetaka kwenda kuyapitisha.

Baba kaenda shambani. Kapogoa migomba upande wote wa bondeni, majani makavu yamelala kama mikeka, mvua ikamkuta huko, hakurudi.

Saa mbili usiku. Haipatikani. Siandiki tena.

Jumapili, 17 Novemba

Yupo! Yupo, yupo.

Kapiga mwenyewe, saa moja kasoro, kabla ya misa. Simu ilipotea kwenye msukumano, kapata ya jirani. Mama kalia, kaomba kwa sauti, kamwita majina yote hadi ya utotoni. Kisha Baba kanyoosha mkono, nikampa simu. Nikasogea karibu, nikisema leo. Leo lazima.

"Umekula?"

"Nimekula, Baba."

"Haya."

Karudisha simu. Kachukua kofia, kaelekea kanisani peke yake, mbele yetu, haraka, hajafunga hata vifungo vya shati.

Jioni nimemwandikia Kaka kwenye ile namba: uko mtaa gani hasa? Kajibu: Mchikichi. Nyumba ya tatu kutoka pale. Hilo sijawaambia.

Jumatano, 20 Novemba

Kariakoo bado wanafukua. Nimekaa siku kadhaa bila kugusa Wakorea, leo nikasema nijipumzishe.

Nijipumzishe! Sehemu ya 13. Mama yao, yule wa sufuria, katoka shambani, kaweka wali, kajisikia vibaya, kaenda kujilaza kidogo. Mumewe anadhani kalala. Wali unaungua jikoni. Hivyo tu. Hakuna muziki wa kukutahadharisha, hakuna hospitali, hakuna kikohozi cha damu kama kwenye za kwetu. Mtu alikuwa mhimili wa nyumba yote na hakuna aliyekuwa anamtazama, basi hata alipoondoka hakuna aliyemwona anaondoka.

Nimetupa simu kitandani. Nikatoka kwa miguu mitupu hadi mlango wa Mama, nikasimama pale nasikiliza. Anakoroma. Mungu wangu, anakoroma kama mashine ya kukoboa.

"Nani hapo?" Sauti ya Baba. Mimi, Baba. "Kuna nini?" Hakuna kitu. "Kalale."

Mwandishi wa tamthilia hiyo anaitwa Park Hae-young. Ndiye aliyeandika na My Mister ya 2018. Ningekutana naye ningemuuliza nani alimpa ruhusa.

Jumapili, 24 Novemba

Kaja yule bwana wa butura, na daftari lake chini ya kwapa, eti kusalimia. Kila mwaka anajua ni lini nyumba zimekauka hela. Anakununulia kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya maua, ukija kuvuna si yako. Serikali imekataza, yeye anasalimia tu. Mama kamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kwa heshima, ila hakumletea kiti chenye mgongo. Baba katikisa kichwa. Bwana kaondoka.

Sekondari ya Kaka ililipwa kwa butura. Ya Dada pia. Yangu pia, kumbe, nimekuja kujua leo, Mama kaniambia tukiosha vyombo. Mwaka ule Baba alimaliza msimu hana hata gunia moja la maganda la kupeleka chama cha ushirika, akawaambia watu mvua imemharibia. Mvua! Na mimi nilikuwa nakula pale pale mezani naona mtu asiyependa kuongea.

Nimemaliza zote 16. Mi-jeong anamwambia Bwana Gu kwamba anaishi kwa vipande vya sekunde. Mtoto kakushukuru kwa kumfungulia mlango, sekunde saba. Umeamka ukakumbuka ni Jumamosi, sekunde kumi. Zikifika dakika tano kwa siku, hufi. Nimejaribu leo. Kitoto cha darasa la kwanza kilinibebea mwavuli wakati hakuna mvua. Senene wa mwisho, wamebaki wachache, Mama kanisogezea sahani. Hapo nikakwama, nikaanza kuhesabu hadi chai.

Ijumaa, 29 Novemba

Juzi uchaguzi wa serikali za mitaa, nilikuwa kituoni tangu alfajiri, wino, majina, wazee wanaobishana jina limeandikwa kwa L au R. Jana nimelala mchana kama mgonjwa.

Usiku huu nimekaa sebuleni nasahihisha madaftari kwa tochi. Umeme hakuna. Baba kwenye kiti chake, redio imeisha betri. Nikasikia:

"Yule mlevi."

Nani, Baba?

"Yule wa kwenye simu yako. Aliyekuwa akimfanyia kazi mzee wa masinki. Aliacha pombe?"

Kalamu ikanidondoka. Kumbe siku zote hizo, ule ukuta wa mbao na gazeti. Alikuwa anasikiliza. Kihaya changu chote, na chumvi yangu yote. Na ile ya kwamba mzee yule ni yeye mtupu, nayo kaisikia?

Nikamwambia mwisho kabisa sarafu yake inadondoka, inabiringika hadi kwenye mfereji, inanasa juu ya wavu, haiingii. Anaiokota. Chupa aliyonunua anamwachia mtu anayelala barabarani, kisha anatembea. Hatua kwa hatua.

Baba kafikiri. "Basi hajaacha."

Hajaacha, ila anatembea.

"Mdogo wangu alikuwa hivyo," kasema. "Wa kutembea. Akigombana na mtu anatoka hapa hadi Rubya kwa miguu, anarudi kacheka." Nikangoja. Nikangoja kwa nguvu, nimezima hata tochi ili asinione uso. Kasema anasikia usingizi, kainuka, kagonga goti kwenye stuli, kalaani stuli kwa Kihaya kizito ambacho sitakiandika hapa.

Alikuwa wa kutembea. Akirudi kacheka.

Kaka kaniandikia sasa hivi, si kwenye kundi, kwangu. Anakuja Krismasi, kashakata tiketi ya basi. Anauliza: Baba anapenda nini siku hizi, nimletee?

Nimeandika sukari, nikafuta. Nimeandika betri za redio, nikafuta. Nikamjibu muulize mwenyewe, namba yake ni ileile, na asubuhi mapema anapokea.